Nyumba za wageni za kale Uingereza zinamsubiri nani?

Kwenye ukuta wa mapokezi, pembeni ya ubao wa funguo, kuna karatasi ndogo ndani ya fremu ambayo wageni wengi huipita bila kuitupia jicho. Niliisoma kwa sababu mhudumu alikuwa ameingia ndani kunitafutia ufunguo wa chumba namba sita, nami sikuwa na la kufanya.

Karatasi inasema kwamba, kwa mujibu wa Sheria ya Wenye Hoteli ya mwaka 1956, mwenye nyumba anaweza kulazimika kumlipa mgeni mali yake ikipotea au ikiharibika, hata kama kosa si lake wala la wafanyakazi wake. Kiwango ni paundi 50 kwa kitu kimoja, na paundi 100 kwa jumla. Halafu inaongeza kwamba dhamana hiyo haihusu magari, wala vitu vilivyoachwa ndani ya magari, wala farasi au wanyama wengine walio hai.

Farasi! Nilirudia mstari huo nikidhani nimeusoma vibaya. Pembeni yake kulikuwa na karatasi nyingine yenye neno la siri la intaneti.

Nipo Stamford, mji wa soko wenye wakazi takriban 20,000 katika jimbo la Lincolnshire, kilomita 145 hivi kaskazini mwa London. Mhariri alinituma na swali moja: nyumba zilizojengwa kwa ajili ya abiria wa magari ya farasi bado zina kazi gani katika nchi ambayo mtu huvuka kwa treni kati ya kifungua kinywa na chakula cha mchana?

Niseme mapema kwamba posho ya mhariri haikutosha kulala kwenye nyumba iliyo maarufu kuliko zote mjini hapa, The George. Huko nilikunywa chai tu, nikazunguka na kutazama. Nililala kwenye nyumba nyingine ya zamani, ndogo zaidi, kandokando ya barabara hiyohiyo ya kale. Jina lake nalihifadhi, kwa sababu nina neno la kusema kuhusu ngazi zake.

Mti wa kunyongea juu ya barabara

Ukikaribia mto Welland kutoka kusini, kitu cha kwanza kinachokushangaza ni boriti iliyokatiza barabara nzima, kutoka upande mmoja hadi wa pili, juu ya vichwa vya watu na magari. Umbo lake ni la mti wa kunyongea watu. Ndiyo alama ya The George. Wenyeji wanasema ilikuwa na ujumbe wa aina mbili: karibu kwa msafiri mwema, na onyo kwa majambazi waliokuwa wakiwavizia wasafiri njiani.

Barabara hii, Great North Road, iliunganisha London na Edinburgh, mji mkuu wa Uskoti. Jengo kubwa la mbele la The George lilisimamishwa mwaka 1597 na Lord Burghley, mweka hazina wa Malkia Elizabeth I, ambaye jumba lake la fahari bado liko nje kidogo ya mji. Mfalme Charles I alilala hapa mwaka 1645, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiwa vinamwendea kombo.

Hata hivyo wafalme hawakuwa wateja wa kila siku. Pesa ya nyumba ililetwa na abiria.

Ukiingia kwa mlango mkuu, kuna vyumba viwili vinavyotazamana, kimoja kimeandikwa London na kingine York. Hivyo vilikuwa vyumba vya kusubiria. Anayeelekea kusini alikaa kwenye kimoja, wa kaskazini kwenye cha pili, na gari likifika kila mtu alijua mlango wake. Katika siku za neema, magari 40 yalisimama hapa kila siku, 20 yakipanda na 20 yakishuka. Nilisimama kati ya milango hiyo miwili nikakumbuka stendi ya Msamvu pale Morogoro, ila hapa wapiga debe hawapo.

> Magari 40 yalisimama hapa kila siku, 20 yakipanda na 20 yakishuka.

Dakika 20 za kula

Ili kuielewa nyumba ya aina hii, lazima uielewe biashara ya farasi. Farasi wanne hawawezi kukokota gari lililojaa watu kwa mwendo wa kasi zaidi ya kilomita 16 hivi kabla hawajachoka. Kwa hiyo barabara nzima iligawanywa vipande, na kwenye kila kituo kulikuwa na nyumba yenye mazizi, watunza farasi na farasi wa zamu waliopumzika. Gari liliingia uani kupitia lango refu lenye upinde, farasi waliochoka wakafunguliwa, wengine wakafungwa. Watu wenye ujuzi walimaliza kazi hiyo kwa dakika chache tu.

Ndiyo maana nyumba hizi zote zina lango pana katikati ya ukuta wa mbele. Ukiliona lango hilo katika mji wowote wa Uingereza, hata kama ndani sasa kuna duka la viatu, ujue palikuwa na mazizi.

Zamani safari ilikuwa adhabu. Mwaka 1754 gari la London hadi Edinburgh lilitangazwa kuwa litatumia siku 10 wakati wa kiangazi na siku 12 wakati wa baridi. Baadaye barabara zilitengenezwa kwa fedha za ushuru uliotozwa kwenye mageti, na mtaalamu wa Uskoti, John Loudon McAdam, akafundisha namna ya kushindilia kokoto. Ilipofika miaka ya 1830, safari hiyohiyo ilichukua kiasi cha saa 45.

Aliyeongeza kasi zaidi alikuwa mwenye ukumbi wa michezo ya kuigiza mjini Bath, John Palmer. Aliona barua za serikali zinachelewa kuliko abiria, akashauri zisafirishwe kwa magari maalumu ya posta. La kwanza liliondoka Bristol tarehe 2 Agosti 1784 saa 10 jioni na kuingia London saa 2 asubuhi iliyofuata.

Konda wa gari la posta alivaa koti jekundu, akabeba bunduki na bastola, pamoja na baragumu ambalo alilipuliza ili mageti yafunguliwe mapema, maana posta haikulipa ushuru. Saa yake ilifungiwa ndani ya kasha ili asiweze kuichezea. (Sijui ni makonda wangapi wa mabasi yetu wangekubali masharti hayo.)

Abiria wenye pesa, wanne tu, walikaa ndani. Wengine walipanda juu kwa karibu nusu ya nauli, kama mizigo kwenye keria. Baridi ilikuwa haichagui: mwaka 1812 gari la Bath lilipofika Chippenham, abiria wawili wa juu walikutwa wamekufa kwa kuganda.

Unaweza basi kufikiria jinsi taa za dirishani zilivyopokewa na mtu aliyeketi juu ya paa tangu alfajiri. Moto mkubwa, nyama ya kuchoma, bia, na dakika 20 tu za kula. Kumbukumbu za wasafiri wa enzi hizo zimejaa lawama ileile: supu ililetwa ikiwa ya moto hata hainyweki, baragumu likalia, abiria wakakimbia, na sahani zikabaki zimejaa. Wengine waliapa kwamba supu hiyo ilirudishwa jikoni ikawasubiri abiria wa gari linalofuata. Aliyewahi kusimamishwa dakika kumi za kuchimba dawa kwenye safari ya Dar es Salaam hadi Mbeya, huku chipsi zake zikiwa bado kwenye mafuta, anaijua hasira hiyo.

Reli ilipopita kwingine

Tarehe 15 Septemba 1830 ilifunguliwa reli ya Liverpool hadi Manchester. Miaka ishirini haikupita kabla biashara ya magari ya farasi kwenye barabara kuu kufa kabisa. Mazizi yalibaki matupu. Wenye nyumba waliokuwa wakilisha farasi kwa makumi walianza kuuza bia kwa wakulima siku za soko.

Msomaji aliyefanya biashara ya chakula Mtito Andei kabla ya treni ya SGR kuanza mwaka 2017 hahitaji kuelezwa zaidi.

Stamford ilipata pigo mara mbili. Barabara ilipoteza magari, na reli kuu ya kwenda kaskazini, iliyojengwa mwanzoni mwa miaka ya 1850, haikupita hapa. Ilipita Peterborough, kilomita 20 hivi kusini mashariki. Wenyeji husimulia kwamba Marquess wa Exeter, mwenye jumba la Burghley, ndiye aliyeikataa reli isikaribie ardhi yake. Wanahistoria wanaibishia simulizi hiyo. Vyovyote ilivyokuwa, Peterborough ikawa jiji la viwanda na Stamford ikalala.

Usingizi huo ndio uliouokoa mji. Aliyekosa fedha za kujenga upya hakubomoa. Nyumba za mawe ya chokaa yenye rangi ya asali zilibaki mahali pake kwa sababu hakuna aliyeona faida ya kuweka nyingine. Mwaka 1960 barabara mpya ya A1 ikachepushwa nje ya mji, malori yakaondoka, na mwaka 1967 Stamford ikawa eneo la kwanza kabisa nchini Uingereza kutangazwa rasmi kuwa eneo la hifadhi ya majengo. Leo mji huu una majengo zaidi ya 600 yaliyoorodheshwa kisheria. Watengeneza filamu wanalijua hilo: BBC ilipotaka mji wa karne ya 19 kwa ajili ya tamthilia ya Middlemarch, iliyorushwa mwaka 1994, ilikuja hapa.

> Aliyekosa fedha za kujenga upya hakubomoa. Ndivyo mji ulivyopona.

Lakini fikiria maana yake kwa nyumba za wageni. Barabara iliyozizaa haipo tena mlangoni. Msafiri halisi wa leo, yule anayetoka London kwenda Edinburgh kwa gari na amechoka, analala kwenye hoteli za bei nafuu kando ya A1. Travelodge ya kwanza Uingereza ilifunguliwa mwaka 1985 kando ya barabara ya A38 huko Barton-under-Needwood, na aina hiyo ya hoteli ndiyo iliyorithi kazi ya nyumba za kale: kitanda, chakula, maegesho, kesho uondoke. Dereva wa lori hulala kwenye kabini yake.

Anayelala katikati ya mji, chini ya boriti nyeusi za mwaloni, hakuletwa na safari. Amekuja kuiona nyumba yenyewe. Amekuja kwa harusi, au kwa sherehe ya miaka 30 ya ndoa, au, kama mimi, ametumwa.

Mgeni aliyebomolewa ukuta

Katika ukumbi wa kuingilia The George kuna picha kubwa ya mwanamume mnene kupita kiasi, ameketi kwa utulivu mkubwa. Huyo ni Daniel Lambert, aliyezaliwa Leicester mwaka 1770 na kuwa mlinzi wa gereza la mji huo. Alikuwa mtu mzito kuliko wote waliojulikana Uingereza katika enzi zake: kilo 335. Hakuwa mlafi, kwa maelezo ya waliomfahamu. Alikula kawaida na alikunywa maji. Gereza lilipofungwa, alijipatia riziki kwa kupokea watu waliolipa kiingilio ili wamtazame na kuzungumza naye. Walisema ni mcheshi na mstaarabu.

Juni 1809 alikuja Stamford kwa ajili ya mashindano ya farasi. Alifikia kwenye nyumba ya wageni iliyoitwa Waggon and Horses, na kwa kuwa hakuweza kupanda ngazi, alipewa chumba cha chini. Asubuhi ya tarehe 21 alifariki humo, akiwa na miaka 39.

Jeneza lake halikuweza kupita mlangoni wala dirishani. Ukuta ukabomolewa. Jeneza likawekewa magurudumu, likasukumwa hadi makaburi ya kanisa la St Martin, ambako jiwe lake lipo hadi leo. Nililitembelea mvua ikinyesha.

Nimesimulia habari za Lambert kwa kirefu kwa sababu zinabeba ubishi wote wa leo. Mgeni asiyeweza kupanda ngazi alipewa chumba cha chini bila maswali. Na ulipohitajika mlango mpana, ukuta ulibomolewa. Mwenye nyumba akitaka kufanya hivyo leo, kwanza aende kwa halmashauri.

Lifti, madirisha na muda

Chumba namba sita kipo juu kabisa. Unapanda ngazi ya kwanza iliyo pana na yenye zulia, kisha unageuka kushoto na kupanda ya pili iliyopinda, kisha unainama na kupanda ya tatu ambayo haina tofauti kubwa na ngazi ya kupandia darini. Nilibeba begi kichwani kama mzigo wa kuni. Boriti ya mlangoni ilinigonga kipaji mara mbili, jioni nikiingia na usiku nikienda msalani. Sakafu imeinama kiasi kwamba kalamu iliyonidondoka iliviringika yenyewe hadi chini ya kabati. Dirisha lina kioo kimoja chembamba. Upepo ulipovuma pazia lilicheza ingawa dirisha nilikuwa nimelifunga.

Ni kweli nilipenda. Ni kweli pia kwamba mama yangu, mwenye magoti mabovu, asingefika hata ngazi ya pili.

Sheria ya Usawa ya mwaka 2010 inamtaka anayetoa huduma kwa umma afanye marekebisho yaliyo ndani ya uwezo wake ili mtu mwenye ulemavu asifungiwe nje. Wakati huohuo, Sheria ya Mipango kuhusu Majengo Yaliyoorodheshwa na Maeneo ya Hifadhi ya mwaka 1990 inafanya kuwa kosa la jinai kubadilisha sura ya jengo lililoorodheshwa bila kibali. Orodha ya Uingereza ina takriban majengo na miundo 400,000. Zaidi ya asilimia 90 iko daraja la II, la chini kabisa, asilimia 2.5 tu ndiyo iko daraja la I. Lakini kibali kinahitajika kwa madaraja yote, na kinahusu ndani pamoja na nje.

Wenye hoteli wanalalamika kwa mambo matatu: lifti, madirisha na muda. Lifti inahitaji shimo linalokata sakafu za karne nne. Dirisha la vioo viwili linazuia baridi, lakini fremu zake nene hubadilisha sura ya jengo. Na maombi ya kibali huchukua miezi wakati bili ya gesi na umeme inakuja kila mwezi. Hoteli ya kisasa iliyo kando ya A1 haina kero hata moja kati ya hizo, na bei ya chumba chake ni ndogo kuliko ya chumba namba sita.

Wahifadhi nao wana hoja nzito. Historic England, taasisi ya umma inayoishauri serikali, husema kila mara kwamba kuorodheshwa hakumaanishi jengo limegandishwa; kunamaanisha mabadiliko yapimwe kabla hayajafanywa. Sakafu ikishakatwa haiungiki tena. Na biashara yenyewe inauza ukale. Anayeng'oa madirisha ya zamani anakata tawi alilokalia.

Kuna pia hofu ya moto, na hofu hiyo ina ushahidi. Oktoba 2016, Royal Clarence Hotel ya Exeter, inayotajwa mara nyingi kuwa nyumba ya kwanza Uingereza kujiita hoteli, iliteketea baada ya moto kuanza kwenye jengo la jirani. Machi 2023 moto ulioanzia jengo la pembeni uliiangamiza Angel Inn ya Midhurst, West Sussex, nyumba ya karne nne. Wageni walitolewa usiku, wote wazima. Mbao kavu, dari zilizounganika na kuta zenye uwazi ndani haziupi moto kazi kubwa.

Mimi ningesema hivi: ukuta wa Lambert ulibomolewa na mji haukuanguka. Halmashauri inayokataa lifti ya nyuma, uani, mahali ambapo zamani palikuwa na samadi ya farasi, inalinda kumbukumbu ya nani? Ua wa nyumba hizi ulibadilishwa kila kizazi kulingana na mahitaji ya wasafiri. Kuufungia katika sura yake ya mwaka fulani ni kuusahau ulivyokuwa ukifanya kazi.

Kuhusu mbele ya jengo na vyumba vikuu niko upande wa wahifadhi, wala sioni aibu kukaa pande mbili.

Suala la nani anamiliki nalo limebadilika. Kampuni ya bia ya Greene King, iliyoanzishwa Bury St Edmunds mwaka 1799 na yenye baa, migahawa na hoteli takriban 2,700 zikiwemo nyumba nyingi za kale za miji ya soko, ilinunuliwa mwaka 2019 na CK Asset ya Hong Kong. Anayeamua kama paa la nyumba ya kijijini Suffolk litengenezwe anaweza kuwa hajawahi kufika Suffolk.

Msafiri ni nani?

Nirudi kwenye ile karatasi ya mapokezi, maana nyuma ya paundi na farasi kuna jambo zito zaidi.

Sheria hiyohiyo ya 1956 inaeleza hoteli ni nini. Kwa maneno yangu: ni nyumba ambayo mwenyewe ameitangaza kuwa inatoa chakula, kinywaji na, ikitakiwa, mahali pa kulala, bila mkataba maalumu, kwa msafiri yeyote anayejitokeza akiwa na uwezo na nia ya kulipa bei ya haki, na akiwa katika hali ya kufaa kupokewa. Sheria haikubuni jambo hilo. Iliandika tu desturi ya mahakama za Uingereza ya karne nyingi, kwamba mwenye nyumba ya wageni hana ruhusa ya kuchagua. Barabara ilikuwa na wezi na baridi. Aliyefungiwa mlango usiku angeweza kufa.

> Mwenye nyumba ya wageni hakuwa na ruhusa ya kuchagua nani alale na nani abaki nje.

Julai 1943 Learie Constantine, mchezaji kriketi mashuhuri kutoka Trinidad aliyekuwa akifanya kazi katika Wizara ya Kazi ya Uingereza, alifika London na familia yake kucheza mechi uwanja wa Lord's. Alikuwa ameweka nafasi ya usiku nne katika Imperial Hotel, Russell Square. Walipofika waliambiwa wanaweza kulala usiku mmoja tu, kwa kuwa hotelini kulikuwa na wanajeshi wa Marekani ambao wangechukizwa na uwepo wa watu weusi.

Wakati huo Uingereza haikuwa na sheria hata moja ya kukataza ubaguzi wa rangi. Ya kwanza ilipitishwa mwaka 1965. Constantine alishtaki kwa kutumia silaha pekee iliyokuwepo: wajibu wa kale wa mwenye nyumba ya wageni kumpokea msafiri. Juni 1944 Jaji Birkett akampa ushindi na fidia ya gini tano. Pesa ndogo, lakini hukumu ilisomwa nchi nzima. Mwaka 1969 Constantine alikuwa mtu mweusi wa kwanza kuteuliwa kuwa mjumbe wa maisha wa Bunge la Malodi (House of Lords) la Uingereza.

Wanaokuja Stamford hupiga picha boriti na mahali pa moto. Katika vitu vyote vya kale nilivyoviona, mimi ningeuweka wajibu huo mbele ya boriti zote. Nikiwa Mwafrika niliyepewa ufunguo wa chumba namba sita bila kuulizwa chochote zaidi ya jina na kadi ya benki, nina sababu yangu.

Swali la nani ni msafiri halijaisha. Miongoni mwa waliookolewa kwenye moto wa Midhurst walikuwamo wakimbizi wa Ukraine waliopewa hifadhi pale. Katika mji mwingine wa soko, Epping huko Essex, mambo yalikwenda tofauti. Mwaka 2025 Bell Hotel, iliyokuwa ikitumiwa na serikali kuwaweka waomba hifadhi, ilizungukwa na maandamano kwa wiki kadhaa. Halmashauri ya Epping Forest ilikwenda mahakamani na hoja ya kisheria kavu: nyumba inayopokea kundi moja tu la watu, kwa mkataba wa serikali, imeacha kuwa hoteli, na matumizi hayo mapya yanahitaji kibali cha mipango.

Tarehe 19 Agosti Mahakama Kuu ilitoa zuio la muda. Siku kumi baadaye Mahakama ya Rufani ikalifuta. Novemba mwaka huohuo Mahakama Kuu ikaikatalia halmashauri zuio la kudumu.

Waliopinga walisema mji ulipoteza hoteli yake bila kuulizwa, na wakazi walihofia usalama wao. Waliotetea walisema watu hao wamefika nchini na lazima walale mahali. Sikwenda Epping, kwa hiyo sitajifanya shahidi. Ila niligundua kwamba pande zote mbili, bila kujua, zilikuwa zikibishania sentensi ileile iliyo nyuma ya karatasi ya mapokezi: msafiri yeyote anayejitokeza.

Asubuhi

Kifungua kinywa kililetwa saa 1:30: mayai, soseji, maharage, uyoga na chai nzito ya maziwa. Hakuna aliyepuliza baragumu. Meza ya jirani walikuwepo wazee wawili, mume na mke, waliokuwa wakipanga siku yao kwa sauti ya chini: kwanza soko la Ijumaa, kisha jumba la Burghley, kisha kupumzika. Mzee alishuka ngazi kwa kushika ukuta, hatua moja moja, na mkewe akatangulia chini kama mtu aliyejiandaa kumdaka.

Nilirudisha ufunguo, nikalipa, nikasubiri risiti ya kumpelekea mhariri. Nilisoma tena ile karatasi. Viwango vya paundi 50 na paundi 100 ni vilevile vilivyoandikwa mwaka 1956. Kompyuta niliyokuwa nayo mgongoni peke yake ina thamani kubwa kuliko vyote viwili.

Kwa hiyo ukipata nafasi ya kulala kwenye nyumba hizi, omba chumba cha chini kama magoti yako si mazuri, na uombe kabla hujafika. Kitu chako cha thamani kikabidhi mapokezi na uandikiwe, kwa sababu kilichokabidhiwa hakibanwi na kikomo cha paundi 100. Farasi wako mwache nyumbani.